Koliasi Huishi kwa Kukatwa

Wengi wakipanga bustani huanza na maua. Mimi huanza na majani. Ua huchanua, hupendeza kwa siku zake chache, kisha hunyauka, na mmea uliolibeba hurudi kuwa wa kijani tu hadi msimu wake ufike tena. Jani lenye rangi halingoji msimu. Lipo asubuhi, lipo jioni, na mvua ikishanyesha hukolea zaidi. Jua likilipiga kwa nyuma, mishipa yake yote huonekana, na ulichodhani ni rangi moja kumbe ni tatu au nne zilizolaliana.

Katika mimea yote ya namna hiyo niliyowahi kuitunza, ninayoipenda kuliko yote ni koliasi. Huenda hulijui jina, lakini mmea wenyewe labda umeuona. Majani yake ni laini, yana umbo la moyo au la mkuki, na kingo zake zina meno meno. Jani moja ni damu ya mzee katikati na kijani cha ndimu pembeni. Lingine ni waridi lililozungushiwa kahawia iliyokolea. Lingine ni la manjano, limenyunyiziwa madoa mekundu, na hutapata majani mawili ambayo madoa yake yamepangika sawasawa. Zipo aina zenye majani madogo kuliko kidole gumba, na zipo zenye majani mapana kuliko kiganja. Kingo za nyingine zimekunjamana, za nyingine zimechanika chanika hadi jani linakaribia kufanana na kitambaa cha urembo.

Nataka kuizungumzia kwa urefu kwa sababu naona haitendewi haki. Hupewa wanaoanza kulima bustani kama mmea rahisi, na kweli kuanza nayo ni rahisi. Watu huipanda, huifurahia kwa miezi kadhaa, kisha huiona ikirefuka, ikipukutika majani ya chini, ikitoa mashada ya maua na kufifia. Huamua kwamba muda wake umekwisha, wakaing'oa. Lakini koliasi ni mmea wa kudumu. Mahali pasipo na baridi kali inaweza kuwa nawe mwaka hadi mwaka, na rangi zile zile zilizokuvutia siku ya kwanza. Ila kudumu huko hakuji kwenyewe. Kunaletwa na mkono unaoikata, na unaojua kwa nini unakata.

Shika shina lake kati ya vidole viwili, ulizungushe. Utahisi pembe nne. Angalia majani: yametoka mawili mawili yakitazamana, na kila jozi imekaa msalaba na jozi iliyo chini yake. Hizo ni alama za ukoo wa mnanaa, Lamiaceae, ambao ndani yake wamo pia mrihani, kivumbasi na rozimari. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, alipouandika mmea huu mwaka 1763 aliuweka moja kwa moja katika jenasi, yaani kundi la spishi za karibu, ya mrihani, Ocimum. Tangu hapo wataalamu wameuhamisha kutoka nyumba hadi nyumba: Robert Brown akaupeleka Plectranthus mwaka 1810, George Bentham akauita Coleus scutellarioides mwaka 1830, karne ya ishirini ikauhamishia Solenostemon, na mwaka 2019 ukarudishwa rasmi Coleus. Nayataja kwa sababu moja ya kimatumizi. Ukitafuta maelezo ya matunzo utayakuta chini ya majina yote hayo, na yote yanahusu mmea ule ule.

Asili yake ni nchi zenye joto za kusini-mashariki mwa Asia, kupitia visiwa vyake, hadi kaskazini mwa Australia. Mtaalamu mmoja aliyehusika sana na mimea ya Java, kisiwa cha Indonesia, ni Carl Ludwig Blume, aliyesimamia bustani ya mimea ya Buitenzorg, ambayo leo ni Bogor; Bentham alitumia jina lake kuita Coleus blumei mmea ambao sasa unahesabiwa kuwa ni spishi hii hii. Katikati ya karne ya kumi na tisa koliasi ilishika Ulaya kwa kishindo. Watunza bustani wa Uingereza, wakiwemo wale wa bustani ya chama cha kilimo cha bustani, Royal Horticultural Society, huko Chiswick, walizichanganya kwa uchavushaji katika miaka ya 1860 na kupata mchanganyiko wa rangi usiokuwepo kabla. Kwa kuwa baridi ya kwanza ya mwaka iliziua zilizo nje, walilazimika kila mwaka kukata vichwa, kuvitia mizizi ndani ya vibanda vya kioo, na kuvirudisha nje joto likija. Walikuwa wanakata ili kuokoa mmea na baridi, lakini kwa kufanya hivyo walikuwa pia wanaurudisha ujanani kila mwaka. Sisi ambao hatuna baridi hiyo tunasahau hatua hiyo, na koliasi zetu zinazeeka kwa sababu hakuna kinachotulazimisha kuzikata.

Sasa nije kwenye rangi yenyewe, maana ndipo siri yote ilipo.

Rangi za koliasi zinatokana na makundi matatu ya kemikali. Kundi la kwanza ni klorofili, yaani umbijani, ambayo ni kijani. La pili ni karotenoidi, zinazoleta manjano. La tatu ni anthosianini, zinazoleta nyekundu, waridi na zambarau. Palipo peupe au rangi ya krimu, klorofili haipo, au ni kidogo mno. Rangi nyingine zote ni mapatano ya hizo. Zambarau ikilala juu ya kijani hupata damu ya mzee inayokaribia weusi. Nyekundu ikilala juu ya manjano hupata rangi ya chungwa au ya shaba.

Aliyesoma biolojia shuleni huenda anakumbuka jaribio la wanga, ambalo mara nyingi hufanywa kwa jani la koliasi. Jani lililokaa juani huchorwa kwanza kwenye karatasi, kila eneo na rangi yake. Kisha huchemshwa, huondolewa rangi kwa alkoholi iliyopashwa ndani ya maji ya moto, na mwisho hudondoshewa iodini. Palipokuwa kijani pageuka buluu nzito, dalili kwamba wanga upo. Palipokuwa zambarau napo pageuka, kwa sababu chini ya zambarau palikuwa na kijani kilichofunikwa. Lakini palipokuwa peupe hapageuki, wala palipokuwa waridi tupu lisilo na kijani chini yake. Sehemu hizo hazikutengeneza chakula chochote.

Nalirudia jaribio hili la darasani kwa sababu linaeleza karibu kila tabia ya koliasi bustanini. Sehemu nyeupe na waridi tupu zinalishwa na sehemu za kijani za jani hilo hilo. Kadiri jani linavyopendeza kwa weupe na waridi, ndivyo usanisinuru wake, yaani kujitengenezea chakula kwa mwanga, unavyopungua. Ndiyo maana aina zenye krimu nyingi hukua polepole na kuungua upesi, na zile zenye kijani au zambarau nzito hujaza kitalu kabla hujageuka. Na ndiyo maana, ukiuacha mmea wenye madoa ujiamulie, baada ya muda utauona "umerudi" kijani. Haukubadilika wote. Lilijitokeza tawi moja lenye kijani kingi kuliko mengine, likajitengenezea chakula zaidi, likakua haraka, likayafunika yaliyobaki. Bustanini tawi lenye rangi haba huwa na nguvu kuliko tawi lenye rangi nyingi, na wa kusawazisha mambo ni wewe mwenye mkasi.

Hapo ndipo kazi ya kwanza ya kukata inapoanza. Kila ninapopita kwenye koliasi zangu naangalia matawi, siangalii mmea mzima. Nikiona tawi limetoka kijani kitupu kwenye mmea wa madoa, nalifuata hadi linapoungana na shina na kulikata hapo hapo, bila kuacha kisiki. Kulifupisha hakusaidii, vichomozo vilivyobaki kwapani mwa majani yake vitatoa kijani kile kile. Likikatwa mapema, jeraha ni dogo na mmea hautambui. Likiachwa hadi liwe nusu ya mmea, kuliondoa kunaacha pengo linaloonekana.

Kuna upande wa pili wa jambo hili, na huo ndio unaonifanya niamke asubuhi kwenda kutazama. Kwenye ncha ya kila tawi kuna kundi dogo la seli changa zinazogawanyika, zimepangana tabaka juu ya tabaka. Seli moja ikipata badiliko la jeni, uzao wake wote hulibeba. Badiliko likienea katika tabaka zima, tawi linaloendelea kutoka hapo linakuwa na tishu za aina mbili zinazoishi pamoja katika mwili mmoja. Koliasi ni mojawapo ya mimea ambayo hili hutokea wazi wazi mbele ya macho. Kwenye mmea wa manjano na madoa mekundu litatokea tawi jekundu tupu. Au jani moja litagawanyika katikati ya mshipa mkuu, upande huu zambarau, upande huu manjano, na mpaka wake umenyooka kana kwamba umepigwa rula. Aina nyingi zinazopandwa leo zilianza hivyo: mtu aliona tawi tofauti, akalikata, akalitia mizizi, akalipa jina.

Huhitaji shahada ya kilimo kufanya hivyo. Unahitaji kuangalia na kuwa na subira. Kata tawi jipya, lioteshe, likishakua kata ncha yake uioteshe tena, na tena. Rangi mpya ikishika kwa vizazi kadhaa vya vipandikizi, unayo aina inayoweza kutunzwa. Ikiwa kila mara inachomoza na doa la rangi ya zamani, endelea kukata chini ya doa hilo hadi lipotee au hadi ukubali kwamba halitapotea. Jani lililogawanyika nusu kwa nusu huwa gumu kuliko yote kulishika, maana kila kichomozo hutegemea kimetokea upande gani wa mpaka.

Kwa mbegu hadithi ni nyingine kabisa. Mbegu za koliasi ni ndogo sana, gramu moja hubeba maelfu, na zinahitaji mwanga ili ziote. Zinanyunyizwa juu ya udongo laini uliolowa, zinabonyezwa kidogo, hazifukiwi. Katika joto la nyuzi 21 hadi 24 za Selsiasi huchomoza ndani ya wiki mbili hivi. Ila mbegu hazikumbuki rangi ya mama. Mbegu ulizovuna kwenye mmea wako mwekundu zitakupa kijani, kahawia, madoa, na labda mmoja mwekundu. Hiyo ni raha yake na ni tatizo lake. Ukitaka mshangao, panda mbegu. Ukitaka rangi ile ile, kata.

Ukiamua kupanda mbegu, nina ombi moja. Unapopunguza miche iliyobanana, usiibakize mikubwa peke yake. Kwenye mboga ni sawa, mche wenye nguvu ndio wa kubaki. Kwenye koliasi, mche mkubwa mara nyingi ni ule wenye kijani kingi, kwa sababu ile ile ya jaribio la wanga, na ule mdogo unaosuasua pembeni ndio huwa umebeba rangi. Rangi halisi hujitokeza baada ya jozi kadhaa za majani, basi ipe miche midogo muda ijionyeshe.

Mwanga ni kisu chenye makali pande zote mbili. Kivuli kizito huifanya koliasi irefushe shina, itenganishe majani, na kuongeza kijani ili ikamate mwanga mchache uliopo. Nyekundu hupoa, waridi hugeuka tope. Jua kali la mchana kutwa nalo hufifisha manjano na kukausha sehemu nyeupe hadi kuwa kama karatasi. Kati ya hapo kuna mahali pazuri, na kwa aina nyingi mahali hapo ni jua la asubuhi kwa saa chache, kisha kivuli chepesi cha mti au ukuta. Lakini usilichukue neno langu kama sheria, kwa sababu aina zinatofautiana sana. Zenye anthosianini nyingi, nyekundu nzito na damu ya mzee, huvumilia jua vizuri na hata hukolea. Zenye krimu na kijani cha ndimu huomba kivuli. Katika miongo ya karibuni zimezalishwa pia aina za kuhimili jua la siku nzima, mradi maji yasikosekane.

Njia ninayoiamini ni kuuliza mmea wenyewe. Otesha vipandikizi kadhaa vya aina moja, uviweke sehemu tofauti za bustani, utazame majani mapya. Majani ya zamani yaliumbwa chini ya mwanga mwingine, hayakwambii kitu. Majani yaliyotoka baada ya kuhamishwa ndiyo yanayotoa jibu. Kingo zikikauka, mwanga umezidi. Nafasi kati ya jozi na jozi ikirefuka, mwanga haujatosha. Nimeona aina moja ikitoa rangi mbili tofauti kabisa kwa umbali wa hatua chache, na mtu asiyejua angeapa ni mimea miwili tofauti.

Udongo hautanichukua muda. Uwe tifutifu, wenye mboji ya kutosha, unaoshika unyevu bila kutuamisha maji. Kwenye chungu, hakikisha matundu ya chini hayajaziba. Mbolea yenye naitrojeni nyingi sipendi kuitumia. Mmea hunenepa upesi, shina likawa laini na kukatika kwa upepo, na rangi ikapoa kwa kuongezeka kijani. Mboji safi juu ya udongo mara kwa mara, na matandazo ya majani makavu, vinatosha.

Maji yanastahili neno zaidi kidogo, kwa sababu koliasi hulalamika waziwazi. Ikikauka, majani yote huinama kama mmea umekufa, na ukiinywesha husimama tena baada ya saa chache. Lakini kuinama hakumaanishi kiu kila mara. Mchana wa joto kali jani hupoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyaleta, na mmea huinama ilhali udongo umelowa. Ukimwaga maji zaidi hapo, unaziba hewa kwenye mizizi na kuita uozo. Chomeka kidole ardhini kwanza. Pakiwa pamelowa, acha. Jua likishuka mmea utasimama wenyewe. Na ukiinama asubuhi na mapema wakati udongo una unyevu, chunguza shina penye usawa wa ardhi. Likiwa jeusi na laini, mizizi inaoza. Kata vichwa vilivyo vizima haraka, uviokoe.

Nirudi kwenye mkasi. Kazi ya pili ya kukata ni umbo, na hapa wahenga walishasema: samaki mkunje angali mbichi. Mche ukifikisha jozi tatu au nne za majani, nyofoa ncha yake kwa kucha, juu kidogo ya jozi ya majani. Ncha hiyo ilikuwa ikituma homoni iitwayo oksini kushuka shinani, na oksini ndiyo inayovizuia vichomozo vya kwapani visiamke. Ncha ikiondoka, kizuizi hulegea, na badala ya shina moja unapata mawili. Yakifikisha jozi mbili au tatu, nyofoa tena: mawili yanakuwa manne. Ukifanya hivyo tangu utotoni, mmea unajazana kutoka chini, na majani ya chini yanabaki kwa sababu kila tawi lina mwanga wake. Ukingoja hadi uwe mrefu kufika kiunoni, bado unaweza kuukata, lakini sehemu ya chini iliyokwisha kuwa ngumu kama mti hujaza kwa shida.

Najua mkono husita. Ncha ndiyo sehemu changa kuliko zote na yenye rangi kali kuliko zote, na unaitoa wakati mmea mwenyewe ni mdogo. Watu wengi niliozungumza nao kuhusu koliasi hukwama hapo hapo. Toa tu. Majani mawili unayoyatoa leo ndiyo bei ya matawi yote utakayoyapata baadaye.

Kazi ya tatu ni maua. Koliasi hutoa mashada membamba yaliyosimama, yenye viua vidogo vya buluu au zambarau nyepesi, kila kimoja kikiwa na mdomo wa juu na wa chini kama ndugu zake wa mrihani. Si mabaya, na nyuki wanayapenda. Lakini mmea ukishaanza kuchanua hubadilisha mwelekeo. Kila tawi linaloishia kwenye shada limefika mwisho wake. Majani yanayofuata ni madogo, nguvu inakwenda kwenye mbegu, na mmea huanza kujiandaa kumaliza. Kwa hiyo shada likichungulia tu, nalikata pamoja na jozi ya majani iliyo chini yake, ili kichomozo kinachofuata kiwe cha majani. Zipo aina zinazochelewa sana kuchanua, na kwa mtu asiye na muda wa kupita mara kwa mara, hizo ndizo za kuchagua. Mmea ambao tayari nimeshachukua vipandikizi vyake na sina mpango nao, huo nauachia nyuki.

Kazi ya nne ndiyo inayoufanya mmea uwe wa kudumu kweli. Shina la koliasi likizeeka huwa gumu, rangi ya gome, na majani hubaki juu tu. Unaweza kulirudisha nyuma kwa theluthi au nusu, nalo litachipua, lakini chipukizi za mti mkongwe hazina nguvu ya chipukizi za kipandikizi kipya. Kwa hiyo mimi sitegemei mama aendelee milele. Natengeneza mwana wake akiwa bado ana afya.

Chagua tawi lisilo na shada la maua, lenye rangi unayoitaka hasa, maana kipandikizi kitakurudishia kile ulichokata, kizuri au kibaya. Kata kipande cha sentimita 8 hadi 10, chini kidogo tu ya kifundo, yaani pale jozi ya majani ilipotokea, kwa sababu mizizi hutoka hapo kwa wingi. Ondoa majani ya chini. Yaliyobaki yakiwa mapana, yakate nusu kwa upana. Kipandikizi hakina mizizi bado, na jani pana litakinyonya maji kuliko kinavyoweza kupata. Kisha kitie kwenye glasi ya maji au kwenye mchanganyiko wa mchanga na mboji uliolowa, mahali penye mwanga pasipo na jua la moja kwa moja. Koliasi haihitaji unga wa homoni. Ndani ya wiki moja hadi mbili mizizi inaonekana.

Maji au udongo? Maji yana raha yake, unaiona mizizi ikitoka, na kwa mtoto hakuna somo zuri la bustani kuliko hilo. Lakini mizizi ya majini ni mororo na hukatika ikihamishwa. Ukitumia maji, yabadilishe kila baada ya siku mbili tatu, na uhamishe mizizi ikiwa na sentimita mbili au tatu tu, usingoje ijae glasi. Mimi napendelea udongo tangu mwanzo. Kipandikizi kinachelewa kidogo kuonyesha dalili, lakini kikishika hakina hatua nyingine ya kuzoea.

Wadudu na magonjwa nitayapita kwa haraka, isipokuwa mawili. Vidung'ata ni wale wadudu wanaojifunika kitu cheupe kama pamba, wakijificha kwapani mwa majani. Hunyonya utomvu na kudumaza ncha. Wakiwa wachache wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Wakiwa wengi, kata tawi zima. Kila kipandikizi kikague kwapani kabla hujakichanganya na vingine, kwa kuwa wadudu hawa husafiri navyo. La pili ni ubwiri vinyoya wa koliasi, ugonjwa uliogunduliwa Marekani mwaka 2005 na ambao tangu hapo umeonekana katika nchi nyingine. Majani hupata madoa ya kahawia, hupinda, kisha hupukutika, na ukigeuza jani asubuhi utaona ukungu wa kijivu upande wa chini. Huenea hewa ikiwa baridi kidogo na unyevu mwingi. Mmea ulioshikwa sana ung'oe na usiuweke kwenye lundo la mboji, wala usichukue kipandikizi kwake hata kama ncha inaonekana safi. Mwagilia kwenye shina asubuhi, usilowanishe majani jioni, na acha hewa ipite kati ya mimea. Mkasi ufute kwa spiriti unapotoka mmea mmoja kwenda mwingine. Anayekata sana ana wajibu wa kukata kwa usafi.

Baridi nayo: ikishuka chini ya nyuzi 10 koliasi huanza kuumia, na jalidi huiua usiku mmoja. Anayeishi penye majira hayo afanye kama wale wa zamani, achukue vipandikizi mapema na kuvilaza ndani karibu na dirisha lenye mwanga, akipunguza maji hadi joto lirudi.

Kuhusu kuzipanga bustanini nina msimamo ambao si kila mtu ataupenda. Koliasi zenye madoa za aina tatu zikiwekwa bega kwa bega huuana. Jicho halijui litue wapi. Moja yenye madoa inatosha, kisha ipewe jirani wa rangi moja tupu: damu ya mzee kando ya kijani cha ndimu hufanya zote mbili zionekane mpya. Na iache kijani cha kawaida kiwepo kwa wingi, majani ya mimea mingine isiyo na mbwembwe, kwa sababu nyekundu bila kijani pembeni yake hupoa machoni haraka. Kuna wanaopenda kitalu kizima kilichochanganywa, na kwa mbali kinapendeza. Mimi huzitazama kwa karibu.

Kwa sasa tawi ninalolifuatilia lilitoka kwenye mmea wa manjano wenye madoa, nalo limekuja na rangi ya shaba iliyoenea jani zima, na ukingo mwembamba wa kijani. Kipandikizi cha kwanza kimeshika rangi hiyo kuanzia chini hadi juu. Cha pili kimetoa kijani upande mmoja wa jozi ya tatu ya majani, nimekikata chini ya hapo, na nangoja kichomozo cha kwapani kionyeshe kimechagua upande gani.